Barua Pepe na Intaneti kwa Ofisi Ndogo: Kuanzia Waya hadi Rekodi za Domeni

Mwongozo huu ni wa ofisi yenye watu watano hadi ishirini hivi, isiyo na fundi wa kudumu. Kazi ziko mbili. Kwanza, kila mtu afungue tovuti bila kungoja. Pili, kila mtu atume na kupokea barua pepe zenye jina la ofisi, na barua hizo ziingie kwenye kikasha cha mpokeaji badala ya kuishia kwenye barua taka. Ya kwanza huisha kwa siku moja ukiwa na vifaa. Ya pili ndiyo yenye mitego, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Utaratibu ninaoushikilia ni huu: kila hatua ina kipimo chake, na hatua inayofuata haianzi mpaka kipimo kipite. Tatizo la mtandao lina tabia ya kujitokeza mbali na lilikoanzia. Waya uliolegea nyuma ya kabati huripotiwa kuwa "barua pepe hazitoki", na fundi asiye na subira huanza kufuta na kusakinisha upya programu ya barua ambayo haikuwa na kosa lolote.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kununua

Chukua karatasi uchore ofisi: intaneti inaingilia wapi, meza ziko wapi, printa iko wapi. Kisha hesabu vifaa, usihesabu watu. Watu kumi huja na laptopu kumi, simu kumi au zaidi, printa, kamera za ulinzi na pengine runinga ya chumba cha mikutano. Hapo umeshakaribia thelathini.

Kwenye kasi, watoa huduma hutangaza megabiti ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Laini ya megabiti 20 kwa sekunde hushusha megabaiti mbili na nusu tu kwa sekunde, tena ikiwa na mtumiaji mmoja. Uliza pia kasi ya kupakia, ambayo mara nyingi haitajwi kwenye tangazo. Mkutano mmoja wa video wenye picha nzuri hula kati ya megabiti 2 na 4 kwenda, na kiasi kama hicho kurudi. Ofisi yenye mikutano mitatu kwa wakati mmoja na kasi ya kupakia ya megabiti 5 itaganda, hata kama ya kushusha ni 50.

Muulize mtoa huduma swali moja zaidi: je, kifaa chake kinaweza kuwekwa katika hali ya daraja, yaani kipitishe intaneti tu na kuiachia ruta yako kazi ya kugawa anwani (namba inayotambulisha kila kifaa kwenye mtandao)? Jibu lake utalihitaji hatua ya 3.

Hatua ya 2: Waya na swichi

Kompyuta za mezani, printa na vituo vya Wi-Fi viunganishwe kwa waya kwenye swichi, yaani kifaa chenye matundu mengi kinachounganisha waya zote za mtandao. Wi-Fi iachiwe vifaa vinavyotembea. Kebo ya Cat5e hubeba gigabiti moja hadi mita 100, na hiyo inatosha ofisi nyingi, ila kama unavuta mpya, vuta Cat6. Epuka kebo ya alumini iliyopakwa shaba, hasa kama kamera au vituo vya Wi-Fi vitapata umeme kupitia kebo hiyohiyo.

Ukibana vichwa vya kebo mwenyewe, geuza kichwa ulimi wake wa plastiki uangalie chini, nyuzi ziingie kwa mpangilio huu kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Huo ndio mpangilio wa T568B, na utumike huohuo pande zote mbili. Usifungue msokoto wa jozi zaidi ya sentimita moja na kidogo. Msokoto ndio unaozuia jozi moja isiingilie nyingine.

Kipimo: chomeka kompyuta, kisha tazama kasi ya muunganisho kwenye mipangilio ya mtandao. Ikisoma megabiti 1000, endelea. Ikisoma 100 ilhali vifaa vyote ni vya gigabiti, kuna uzi ambao haujashika. Gigabiti hutumia jozi zote nne, megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, kwa hiyo waya wenye jozi iliyokatika huendelea kufanya kazi kwa kasi ya chini bila kumwambia mtu. Ofisi huweza kuishi hivyo kwa miaka huku ikimlaumu mtoa huduma.

Tahadhari moja kuhusu swichi za kawaida: mtu akiokota waya unaoning'inia, ambao upande wa pili tayari uko kwenye swichi, akauchomeka kwenye swichi ileile, mtandao wote husimama ndani ya sekunde chache huku taa zote zikimwekamweka kwa kasi. Kuuchomoa kunatosha. Kuupata ndiyo kazi, na ndiyo maana kila ncha inastahili lebo siku ileile inapobanwa.

Hatua ya 3: Ruta na mpango wa anwani

Ruta ikitoka kwenye boksi, kabla ya ofisi kuanza kuitumia, badilisha nywila ya msimamizi, sasisha programu yake ya ndani, zima usimamizi kutoka nje na uzime WPS (njia ya kuingia Wi-Fi kwa kubonyeza kitufe). Nywila ya kiwandani ya karibu kila ruta inapatikana mtandaoni kwa kutafuta jina la modeli.

Sasa anwani. Mitandao ya ndani ina maeneo matatu yaliyotengwa: yanayoanza na 10, yale ya kuanzia 172.16 hadi 172.31, na yanayoanza na 192.168. Ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.0 au 192.168.1. Usiziache hapo. Kifaa cha mtoa huduma huenda nacho kinatumia hizohizo, na mtandao wa nyumbani kwa mfanyakazi vilevile. Siku mtu atakapotaka kuunganika na ofisi kwa VPN (njia ya siri kupitia intaneti) akiwa nyumbani, kompyuta yake haitajua 192.168.1.20 ni printa ya ofisi au runinga ya sebuleni. Chagua kitu kisicho cha kawaida, kwa mfano 192.168.57.0, kisha gawanya hivi:

- .1 ni ruta
- .2 hadi .19 ni swichi na vituo vya Wi-Fi
- .20 hadi .49 ni printa, kamera na diski ya mtandao
- .100 hadi .220 zinagawiwa na DHCP, huduma ya ruta inayogawa anwani yenyewe, kwa kila anayeingia

Printa usiipe anwani kwa kuiandika kwenye printa yenyewe. Iweke kama nafasi iliyohifadhiwa ndani ya ruta, ukitumia namba ya MAC, ambayo kifaa hupewa kiwandani. Ukibadilisha mpango siku za usoni, unabadilisha mahali pamoja.

Kama kifaa cha mtoa huduma kinakubali hali ya daraja, kiweke hivyo. Kisipokubali, utakuwa na ruta mbili zinazogeuza anwani mara mbili. Kuvinjari na barua pepe havitaathirika. Kinachosumbua ni VPN ya kuingia ofisini na kamera za kutazamwa kutoka nje.

Kipimo: kompyuta ipate anwani ya mpango wako. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike `ipconfig`. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe: kagua waya na DHCP. Ukiona anwani ngeni kabisa, kama 192.168.0.15 ilhali hukuipanga, kuna ruta nyingine inayogawa anwani mle ndani. Mara nyingi ni ruta ndogo ambayo mtu ameileta kutoka nyumbani "kuongeza Wi-Fi" na kuichomeka kwenye tundu la ukutani. Dalili yake ni kwamba nusu ya ofisi ina intaneti na nusu haina, na walio nayo hubadilikabadilika.

Hatua ya 4: DNS

DNS hugeuza jina la tovuti kuwa namba. Ruta hutumia DNS ya mtoa huduma isipoambiwa vinginevyo, na zikiwa nzuri hakuna haja ya kuzigusa. Zikisuasua, weka za wazi: 1.1.1.1 ya Cloudflare, 8.8.8.8 ya Google, au 9.9.9.9 ya Quad9 ambayo huzuia pia majina yanayojulikana kwa udukuzi na ulaghai. Kwa ofisi napendelea hiyo ya mwisho. Ziweke kwenye ruta, usipite kompyuta moja moja. Isipokuwa kama ofisi ina seva ya Windows inayosimamia akaunti za kuingilia kwenye kompyuta. Hapo kompyuta zielekezwe kwenye seva hiyo, nayo ndiyo iulize nje.

Kipimo ni amri mbili, kwa mpangilio huu: `ping 1.1.1.1`, kisha `ping wikipedia.org`. Zote zikijibu, intaneti ipo. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikakataa kwa kusema haijapata jina, laini ni nzima na DNS ndiyo mgonjwa. Hakuna kipimo kingine kinachookoa muda kama hiki.

Hatua ya 5: Wi-Fi

Tengeneza mitandao miwili, wa wafanyakazi na wa wageni, na wa wageni usione printa wala kompyuta za ofisi. Simu binafsi za wafanyakazi zinaweza kukaa kwa wageni bila kupungukiwa na kitu. Usalama uwe WPA2 au WPA3. Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, kwa sababu hizo hazigongani. Laptopu zielekeze 5 GHz, yenye kasi zaidi ingawa haipenyi kuta vizuri. Kituo kikae juu na wazi. Kukifungia ndani ya kabati la chuma ni kununua Wi-Fi ya kabati.

Hatua ya 6: Zuia mtu mmoja asimeze laini

Malalamiko ya "intaneti iko polepole" mara nyingi husababishwa na kompyuta moja inayopakia nakala ya akiba kwenye wingu saa nne asubuhi. Foleni ya kupakia ikijaa, hata maombi madogo ya kufungua ukurasa hukwama nyuma yake. Tafuta kwenye ruta mipangilio ya kusimamia foleni, iitwayo QoS, au SQM kama ipo, uweke kikomo cha asilimia 90 hivi ya kasi halisi uliyoipima, pande zote mbili. Foleni sasa inasimamiwa na ruta yako, ambayo hutoa nafasi kwa zamu. Nakala za akiba zipange usiku.

Mpaka hapa ofisi inavinjari. Tuingie kwenye barua.

Hatua ya 7: Domeni iwe mali ya ofisi

Sehemu hii watu huiruka kwa sababu haina kitu cha kuchomeka, na ndiyo inayoua ofisi. Anayeshika akaunti ya domeni (jina la ofisi kwenye intaneti, lile linalofuata alama ya @) ameshika barua pepe zote, tovuti, na kila huduma ambayo nywila yake hurejeshwa kwa barua pepe. Bado kuna ofisi ambazo domeni yao imesajiliwa kwa jina la kijana aliyetengeneza tovuti, kwa anwani yake binafsi, na siku hizi hapokei simu.

Sajili domeni kwa jina la ofisi. Anwani ya barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ndani ya domeni yenyewe. Domeni ikiisha muda, barua za ukumbusho na za kurejesha nywila zitatumwa kwenye kikasha ambacho nacho kimekufa. Fungua anwani ya pembeni kwa ajili ya kazi hii tu, wenye nayo wawe wawili. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, washa kufuli ya uhamisho, washa malipo ya kujirudia, na bado andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda, maana kadi ya benki nayo huisha muda. Domeni za .com zilizofutwa kwa kutolipiwa hupita kwenye siku 30 za kukombolewa kwa ada ya ziada kabla ya kuachiwa wengine. Domeni za nchi zina kanuni zake.

Katika mifano inayofuata nitatumia ofisi.example.

Hatua ya 8: Seva ya barua isikae ofisini

Inawezekana kuweka seva yako mwenyewe, na programu za bure zipo. Kwa ofisi ndogo nasema hapana. Umeme ukikatika usiku, barua hazipokelewi. Watoa huduma wengi hufunga poti 25, ambayo seva hutumia kusemezana. Anwani yako ya IP isipokuwa na rekodi ya jina la kinyume (inayogeuza namba kuwa jina), au ikiwa ilitumiwa na mtuma barua taka kabla yako, seva kubwa zitakukataa bila maelezo marefu.

Kodi huduma. Google Workspace, Microsoft 365 na Zoho Mail ndizo zinazojulikana sana. Barua zinazokuja bure pamoja na nafasi ya tovuti pia hufaa kwa kuanzia, ila mara nyingi unashiriki IP na mamia ya wateja wengine, na mmoja wao akichafua jina mnachafuka wote. Angalia mambo matatu: je, inatoa DKIM (sahihi ya barua, tutaiona hatua ya 10) kwa domeni yako, ina uthibitishaji wa hatua mbili, na unaweza kutoa barua zako zote ukihama?

Hatua ya 9: Akaunti za watu na anwani za kazi

Fungua akaunti zote kabla ya kugusa rekodi yoyote. Kila mtu awe na akaunti yake, kwa muundo mmoja, mfano jina.ukoo@ofisi.example. Anwani za kazi kama mauzo@ na akaunti@ zisiwe akaunti zenye nywila inayozungushwa ofisi nzima. Zifanye vikundi, au vikasha vya pamoja ambavyo kila mtu huvifikia kwa nywila yake. Mtu akiondoka, unamtoa kwenye kikundi na kazi imeisha.

Akaunti ya msimamizi iwe ya pembeni, isitumike kusoma barua za kila siku, na wasimamizi wawe wawili.

Kama kuna barua za zamani kwingine, zihamishe kwa IMAP, njia inayoacha barua kwenye seva, na usifute kikasha cha zamani mpaka wenyewe wahakikishe. Kabla ya hapo pita kila kompyuta uone kama kuna inayotumia POP3. Njia hiyo hushusha barua na mara nyingi huzifuta kwenye seva, kwa hiyo huenda miaka mitano ya barua za mhasibu iko kwenye diski moja tu ya kompyuta iliyo chini ya meza.

Hatua ya 10: Rekodi nne

Siku moja kabla, punguza TTL (sekunde ambazo seva nyingine hukumbuka rekodi) ya rekodi za sasa hadi 300, yaani dakika tano, ili mabadiliko yasambae haraka. Kisha, jioni ya siku yenye kazi kidogo, ingia kwenye DNS ya domeni uweke:

```
ofisi.example.         MX   10 mx1.mtoahuduma.example.
ofisi.example.         TXT  "v=spf1 include:spf.mtoahuduma.example ~all"
s1._domainkey.ofisi.example.  TXT  (ufunguo unaopewa na mtoa huduma)
_dmarc.ofisi.example.  TXT  "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@ofisi.example"
```

MX huambia dunia barua zako zipelekwe wapi. Futa MX za zamani. Ukiziacha, baadhi ya barua zitaendelea kwenda kwenye kikasha ambacho hakuna anayekifungua.

SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuweka rekodi mbili za SPF, moja ya zamani na moja mpya. Domeni inaruhusiwa moja tu, zikiwa mbili zote hubatilika. La pili ni kusahau watumaji wengine: fomu ya tovuti, programu ya ankara, huduma ya majarida. Kila mmoja aongezwe kwenye mstari uleule, mradi utafutaji wa DNS ndani ya rekodi usizidi mara 10, maana ukizidi, rekodi nzima huhesabiwa kuwa mbovu.

DKIM hutia sahihi kwenye kila barua inayotoka. Ufunguo wake ni mrefu, na baadhi ya paneli za DNS huukata katikati bila kusema. Ukishaubandika, rudi ulinganishe herufi za mwisho.

DMARC huunganisha hizo mbili na anwani ambayo msomaji anaiona, kisha huambia seva nyingine zifanye nini na barua isiyopita. Anza na p=none ambayo hukusanya ripoti tu. Ripoti zitakuonyesha watumaji uliowasahau. Zikishatulia, panda hadi p=quarantine, na hatimaye p=reject. Usiruke moja kwa moja kwenye reject, la sivyo ankara zako mwenyewe zitakataliwa. Tangu mwaka 2024 Gmail na Yahoo hudai SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na vyote vitatu kwa wanaotuma kwa wingi, kwa hiyo hili si pambo tena.

Kipimo: tuma barua kutoka ofisini kwenda akaunti ya Gmail isiyo ya ofisi. Ifungue kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu za pembeni, chagua kuonyesha barua ya asili. Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, kila moja ikiwa na neno PASS. Neno lolote jingine linakurudisha kwenye rekodi husika. Kisha jibu barua hiyo, uhakikishe jibu limeingia ofisini.

Mtego wa baadaye: mtengeneza tovuti mpya akisema anataka kuhamisha seva za majina, yaani zinazotunza rekodi za domeni, mzuie kwanza. Akizihamisha bila kunakili rekodi hizi, tovuti mpya itapendeza na barua pepe zitakata siku hiyohiyo. Anachohitaji kwa kawaida ni kubadilisha rekodi ya A peke yake, ile inayoonyesha tovuti iko wapi.

Hatua ya 11: Kwenye kompyuta, simu na printa

Programu za kisasa huuliza anwani, hufungua ukurasa wa kuingia, na humaliza zenyewe. Ukilazimika kuandika kwa mkono: kupokea ni IMAP poti 993 kwa TLS (usimbaji unaoficha mawasiliano), kutuma ni SMTP poti 587 kwa STARTTLS, au 465 kwa TLS ya moja kwa moja. Jina la mtumiaji ni anwani kamili. Poti 25 waachie seva. Programu ikilalamikia cheti cha usalama cha seva, angalia saa ya kompyuta kwanza: betri ndogo ya ndani ikifa, tarehe hurudi miaka nyuma na kila cheti huonekana cha uongo.

Printa inayotuma skani kwa barua pepe itakusumbua kuliko watu wote. Haiwezi kufungua ukurasa wa kuingia, na watoa huduma wakubwa wanaendelea kufunga njia ya nywila peke yake. Jaribu nywila ya programu, yaani nywila maalumu ya kifaa au programu moja, kama huduma yako inaitoa. Kama printa ni ya zamani na haijui TLS ya sasa, usipigane nayo: ielekeze iweke skani kwenye folda ya pamoja ya mtandao, kila mtu achukue yake.

Waambie watu mapema kuhusu viambatisho. Gmail hukomea megabaiti 25, na faili likifungwa ndani ya barua huvimba kwa karibu theluthi, hivyo faili la megabaiti 20 tayari liko mpakani. Kubwa kuliko hapo litumwe kwa kiungo.

Hatua ya 12: Funga mlango wa fedha

Wizi unaoumiza ofisi ndogo hauhitaji virusi. Mtu hupata nywila ya mhasibu, huingia kwenye kikasha kimyakimya, husoma mazungumzo kwa wiki kadhaa, kisha siku ya malipo hutuma barua yenye lugha ileile: "Tumebadilisha akaunti ya benki." Mara nyingi huwa ameweka kanuni inayopeleka majibu ya mteja kwenye folda isiyotazamwa, ili mhasibu asione kitu.

Fanya matatu. Uthibitishaji wa hatua mbili uwe lazima kwa wote, bosi akiwemo, maana bosi ndiye anayeomba kusamehewa na ndiye anayelengwa. Zima usambazaji wa barua wa kujiendesha kwenda nje ya domeni. Na mabadiliko yoyote ya akaunti ya benki yathibitishwe kwa simu, kwa namba mliyokuwa nayo tangu awali, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Hatua ya 13: Andika, kisha weka betri

Andika ukurasa mmoja: mchoro wa hatua ya 1, mpango wa anwani, msajili wa domeni na tarehe ya kuisha, mtoa huduma wa barua, majina ya wasimamizi, namba ya mteja kwa mtoa huduma wa intaneti. Nywila zikae kwenye programu ya kutunzia nywila, si kwenye ukurasa huo. Kifaa cha mtoa huduma, ruta na swichi viwe kwenye UPS (betri ya akiba) yao peke yao. Vinakula umeme kidogo, na UPS ndogo inaweza kuvishikilia muda mrefu kuliko laptopu zilizo mezani.

Barua zikigoma

Usianze na programu. Fuata ngazi: taa ya waya, `ipconfig`, `ping 1.1.1.1`, `ping` kwa jina, kisha fungua barua kupitia kivinjari. Zikifunguka kwenye kivinjari, mtandao na huduma ni vizima na shida iko kwenye programu ya kompyuta ile moja.

Barua iliyorudi na ujumbe wa kosa isome kabla ya kuifuta. Jibu limo ndani kama namba. Inayoanza na 4 ni ya muda, seva itajaribu tena yenyewe. Inayoanza na 5 ni ya kudumu. Ukiona 5.1.1, anwani haipo, kagua herufi. Ukiona 5.2.2, kikasha cha mpokeaji kimejaa, mpigie simu. Ukiona 5.7 na namba nyingine mbele yake, mara nyingi umekataliwa kwa sababu za usalama au ruhusa: rudi hatua ya 10 uangalie rekodi. Zikiwa sawa zote na bado unakataliwa, nakili ujumbe mzima wa kosa, pamoja na saa na anwani ya IP iliyotajwa ndani, umtumie mtoa huduma wa barua. Ukimwambia tu kwamba "barua haziendi" utajibiwa uwashe upya kompyuta.